Usikanyage, Bado Mbichi

Kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa, fundi huyu huvua viatu, hupiga magoti na kuanza kugonga sakafu kwa mpini wa mwiko. Hugonga kigae kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Kigae kilichoshika vizuri hutoa sauti fupi na nzito. Kilichoachana na saruji yake hulia kama kibuyu kitupu. Kikilia hivyo, hukichora msalaba kwa penseli na kusogea mbele. Wenye nyumba wakimuuliza anasikiliza nini, hujibu bila kuinua macho: "Namsikia fundi aliyenitangulia akisema uongo."

Kazini wanamwita Milimeta. Jina hilo alipewa na shemeji yake, mdogo wa mke wake, mtu mnene mwenye sauti ya spika ambaye amemkorogea saruji kwa miaka kumi na minne na bado hajachoka kumtania. Siku moja Milimeta alibomoa safu nzima kwa sababu mstari ulipinda milimeta mbili. Shemeji akauliza milimeta mbili zitamuua nani. "Zikifika ukuta wa pili zitakuwa ishirini," akajibiwa, na mwiko ukaendelea kubomoa.

Ana miaka hamsini na sita. Ni mwembamba, vidole vimepauka kwa saruji, na magoti yameota sugu kama visigino. Kazi yake ni mabafu. Sebuleni, husema, mtu yeyote anaweza kutandika vigae. Bafuni kuna maji, na maji hayana aibu.

Bafu lililobadilisha maisha yake lilikuwa la mwalimu mmoja mstaafu, ghorofa ya pili. Dari ya jirani wa chini ilikuwa na doa la kahawia lililokuwa likitanuka kila wiki. Mafundi watatu walikuwa wamekuja, na kila mmoja alipaka grauti mpya, ule uji wa saruji laini unaojaza nafasi kati ya kigae na kigae, akaenda zake.

"Wameziba mara tatu," mwalimu alisema. "Doa liko palepale."

"Si unajua tena, mwalimu," shemeji akadakia, "usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Methali hiyo aliitunga mtu asiye fundi," alisema Milimeta kutoka sakafuni. "Ufa hauzibwi mpaka ujue umetoka wapi. Ukiziba juu huku maji yanaendelea kuingia, yatatafuta njia nyingine, na hiyo ya pili hutaiona."

"Kwa hiyo vigae ni vibovu?"

"Kigae hakivuji, mwalimu. Kimechomwa tanurini. Kinachovuja ni maungio. Tutafunga maji kwanza. Tutatafuta yanapoingilia, tutabomoa, tutakausha, tutajenga upya. Halafu hutakanyaga."

"Siku ngapi?"

"Mpaka niseme mimi."

Akatoa mkobani kibao cha mbao chenye uzi, ambacho hukifunga mlangoni mwa kila bafu analolimaliza. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu: USIKANYAGE, BADO MBICHI. Kona yake moja imetafunwa na mbwa wa mteja. Kibao hicho kilikuwa na miaka ishirini, na kwa miaka yote hiyo mwenyewe alijiona yuko upande wake wa nyuma, kana kwamba hakimhusu.

Kinyozi hajinyoi, na bafu la Milimeta mwenyewe lilikuwa la saruji tupu. Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule ambayo mke wake ameigeuza karakana ya kushonea sare za wanafunzi. Bafu liko nyuma. Sakafu yake ilikuwa imelambwa na sabuni ya miaka mingi hadi ikawa laini kama ulimi. Miaka tisa iliyopita mke wake aliteleza hapo akavunjika kiwiko cha mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Siku aliyofungwa plasta, mumewe alimwambia: "Hutaoga tena kwenye saruji." Aliimaanisha kauli hiyo. Lakini kila alipotaka kuanza, bafu la mtu mwingine lilikuwa linavuja.

Vigae vilikuwepo. Katika kazi yao, mabaki ni ya fundi: vinne kutoka nyumba hii, saba kutoka ile. Alivipanga nyuma ya nyumba chini ya bati, kwa unene, kwa miaka yote tisa. Mke wake alivijua kimoja kimoja. Vya kijani vilitoka kwa daktari wa meno. Vya rangi ya maziwa vilitoka kwa maharusi waliokosana kabla grauti haijakauka. Vyeusi vilikuwa vya mtu aliyetaka bafu jeusi, akaogopa kuingia humo peke yake.

"Nitaoga juu ya habari za watu," mke alikuwa akisema, akicheka.

Magoti ya Milimeta yalianza kulalamika alipokuwa na miaka arobaini na minane. Muuza duka la dawa alimpa vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe. Vilifanya kazi upesi. Mwanzoni alimeza kimoja siku ya kazi nzito. Baadaye viwili kila siku, kisha akawa anavinunua kama peremende, hata muuzaji akawa anamwekea pembeni bila kuulizwa. Alivimeza alfajiri, tumbo likiwa tupu. Fundi wa sakafuni hujikunja siku nzima, na akijikunja ameshiba, chakula humpanda kooni. Kwa hiyo alikuwa amejizoeza kufanya kazi na njaa na kula saa kumi jioni. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti ilimkataza kufanya hivyo. Ilimkataza kwa herufi ndogo kuliko milimeta moja, na yeye aliitupa pamoja na boksi.

Kifua kilipoanza kumchoma, alisingizia chai. Alipoanza kukonda, aliyeona kwanza ni mke wake, kwa kuwa fundi cherehani haoni watu, huona vipimo. Kwa mwaka mmoja alimpunguzia suruali viuno mara mbili.

"Unakondeshwa na nini, baba watoto?"

"Na mdogo wako. Anakoroga saruji kama uji wa mgonjwa, mimi nafanya kazi mara mbili."

"Shemeji, kula," sauti ya spika ikajibu kutoka nje. "Mwenzako nakula hata kwa niaba yako."

Siku ya tatu kwa mwalimu, Milimeta alibana kigae cha mwisho cha kona, akafuta maungio kwa sponji, akasimama. Ukuta ukamjia. Shemeji alimdaka kwapani kabla hajafika chini.

"Shemeji, usinifanyie mchezo."

Viganja vya Milimeta vilikuwa vyeupe kama grauti. Midomo pia. Shemeji alimbeba mgongoni kuelekea mlangoni, na mzigo ule ukamnong'oneza sikioni:

"Pitia kwenye ubao."

"Nini?"

"Vigae vya kona bado vibichi. Pitia kwenye ubao."

Shemeji akapitia kwenye ubao waliokuwa wameulaza juu ya vigae vibichi. Baadaye alisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye neno "ubao" sauti yake ilipungua.

Hospitalini walipokewa na daktari wa kike ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa binti yao mkubwa. Alimvuta fundi kope la chini akaangalia, akamuuliza choo chake kina rangi gani. Milimeta alitazama dirishani kwanza.

"Cheusi. Kama lami."

"Tangu lini, baba?"

"Wiki mbili hivi."

Mke wake aligeuka akamwangalia. Wameoana miaka thelathini, na hilo la choo cheusi ndilo lililokuwa siri ya kwanza kubwa ya mumewe. Ya pili ilikuwa bado njiani.

Walimwongeza damu chupa mbili. Kesho yake walimpitishia mpira wenye kamera kinywani hadi tumboni. Daktari akarudi na picha: kidonda kimoja tumboni, kingine mwanzo wa utumbo mwembamba, na michubuko kuzunguka pande zote mbili. Walitafuta pia bakteria anayejulikana kwa kuleta vidonda vya aina hiyo, hawakumkuta.

"Unatumia dawa gani?"

"Hii ya magoti tu."

"Hiyo 'tu' ina muda gani?"

"Miaka minane."

Daktari akavuta kiti. "Unafanya kazi gani, baba?"

"Fundi vigae. Mabafu."

"Basi nitakueleza kwa vigae."

"Hapo utakuwa umenisaidia, mwanangu."

"Ndani ya utumbo wako kuna ukuta. Upande mmoja kuna chakula, tindikali, na bakteria wasiohesabika. Upande wa pili kuna damu yako. Unafikiri ukuta huo una unene gani?"

"Sentimeta?"

"Nyama ya nje ni nene. Lakini ule wa ndani kabisa, unaokinga, ni safu moja ya seli. Safu moja. Chukua milimeta moja uigawe mara arobaini, hapo ndipo utakapokuta unene wake."

Maisha yake yote fundi ametembea na vipimo mfukoni, na hakuwahi kusikia kipimo cha kumtisha.

"Na seli na mwenzake," akauliza, "zimeungwa na nini?"

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza hilo. Kuna maungio. Yamebana, lakini siyo zege. Yanalegea kidogo, yanapitisha maji na chumvi, kisha yanabana tena. Juu yake kuna ute..."

"Kama rangi ile ya kuzuia maji."

"Kama hiyo. Na chini yake kuna askari wa mwili, wanakamata kinachopenya. Ukuta mzima unajitandika upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Seli kuukuu zinadondoka, mpya zinapanda."

"Siku tatu hadi tano," fundi alirudia. "Na nani anatandika?"

"Wenyewe."

"Bila kubomoa?"

"Bila kubomoa, na wewe ukiwa unakula."

Milimeta akatikisa kichwa polepole, kwa heshima, kama afanyavyo akiingia bafu alilolitandika fundi anayeijua kazi.

"Sasa vidonge vyako," daktari aliendelea. "Vinazuia kemikali inayoleta maumivu gotini. Bahati mbaya kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazoagiza ute, na damu ya kuulisha ukuta wa tumbo. Ukilinyamazisha goti, unamfukuza na fundi wa tumbo. Tindikali inabaki inamwagika mahali pasipo na mtu wa kutengeneza."

"Kwa hiyo navuja."

"Ulikuwa unavuja damu. Lakini neno hilo litumie kwa uangalifu, baba. Siku hizi utakuta watu wanauza unga wa kuziba 'utumbo unaovuja' kwa kila ugonjwa chini ya jua. Kuna maradhi ya utumbo ambayo wataalamu mpaka leo wanabishana kama ukuta uliharibika kwanza au ugonjwa ulitangulia. Wako hauna ubishi. Acha vidonge vya magoti. Tumia hivi vya kupunguza tindikali, na hivi vya kuongeza damu. Wiki nane."

"Umesema siku tatu hadi tano."

"Hizo ni za ukuta mzima. Wako una mashimo mpaka kwenye saruji."

Mke wake ndiye aliyeuliza swali lililobaki. "Asipoacha?"

Daktari alikunja picha. "Safari hii alikuwepo mtu wa kumdaka, mama."

Ilikuwa wazi, na wote watatu walielewa. Milimeta alirudi nyumbani na mifuko miwili ya dawa na ahadi moja, ya kuacha vidonge vya magoti. Wiki ya kwanza aliitimiza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwa mwalimu huku shemeji akimalizia sakafu, akimwelekeza kwa kijiti kama mkaguzi wa shule. Magoti, yaliyonyamazishwa kwa miaka minane, yalikuwa na mengi ya kusema. Usiku yalimwamsha. Asubuhi alishuka kitandani kwa hatua tatu, kama mtu anayeshuka ngazi.

Wiki ya pili hapakuwa na kazi ya mteja. Akatazama vigae vyake vya miaka tisa chini ya bati, akatazama ile sakafu laini kama ulimi. Nafasi kama ile hakuwahi kuipata.

"Nitafanya bafu letu kidogokidogo," alimwambia mke wake. "Nimekaa kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo?"

"Kwenye ndoo."

Mke alifurahi, kisha akaanza kuhesabu. Kila asubuhi hupeleka sare shuleni na kurudi saa tano. Siku ya kwanza alikuta safu tatu zimelala. Siku ya pili tatu nyingine. Yeye si fundi vigae, lakini amelala kitanda kimoja na magoti yale. Anajua yanavyokuwa yakiachiwa yaseme. Mtu aliyeshuka kitandani kwa hatua tatu hawezi kutandika safu tatu kabla ya saa tano. Na sakafu haitandikwi na mtu aliyekaa kwenye ndoo.

Kule bafuni, Milimeta alikuwa amefanya hesabu yake mwenyewe. Muuza duka la dawa alikuwa amemuuzia chupa ya dawa nyeupe, nzito, ya kutuliza kiungulia. Aliimimina kwenye kijiko akaitazama ikiteremka. Ilikuwa na rangi ya grauti. Ilikuwa na uzito wa grauti. Akanywa vijiko viwili, akaisikia ikitandaa kifuani, baridi, na moyo wake wa ufundi ukatulia: hii inaziba. Dakika kumi baadaye alimeza kidonge cha magoti. Alichoziba, alijiambia, ni kingi kuliko atakachobomoa. Bafu likiisha ataacha. Zilibaki safu kumi na moja.

Hakuna mtu mwingine ambaye angekosea hivyo. Mgonjwa wa kawaida angeogopa tu. Yeye alikuwa ameelewa maelezo ya daktari kuliko wagonjwa wote wa mwaka ule, na ndiyo maana alipata pa kupitia.

Vidonge alivificha kwenye kopo la misalaba, ile misalaba midogo ya plastiki inayowekwa kati ya vigae ili nafasi zilingane. Zamani kopo hilo lilikuwa la vifungo vya mke wake, na hapo ndipo alipokosea mara ya pili. Mtu aliyeishi na kopo miaka kumi anaijua sauti yake. Siku ya nne, mke alirudi mapema, akaliokota kopo mlangoni ili asilikanyage, likamlilia mkononi. Plastiki hulia kikavu, kwa wepesi. Hili lilikuwa na mchakacho wa karatasi ya bati, ile inayofungia vidonge.

Akalitikisa tena, kichwa kakiinamisha upande. Kisha akalifungua.

Milimeta alikuwa amepiga magoti, mgongo kampa mlango. Alisikia kimya, akageuka. Mke wake alikuwa amesimama na kopo mkono mmoja na futi ya kushonea mkono wa pili.

"Inuka," alisema. "Pitia kwenye ubao."

Akainuka, akapitia kwenye ubao. Mke akamzungushia futi kiunoni, kama anavyomzungushia mtoto wa shule, akasoma.

"Sabini na nne. Mwaka jana ulikuwa themanini na mbili."

"Nimepungua kidogo."

"Milimeta themanini," mke alisema. "Wewe kwa mbili ulibomoa safu nzima. Mimi kwa themanini nibomoe nini, baba watoto? Niambie, nikalete nyundo."

Milimeta alitazama vidole vyake.

"Nakunywa na ile nyeupe," alisema hatimaye. "Inaziba kwanza."

"Inaziba juu."

"Inatuliza."

"Huku maji yanaendelea kuingia." Sauti yake haikupanda. "Mwalimu wa ghorofani alilipa mafundi watatu wa namna hiyo. Wewe uliwagonga kwa mwiko ukasema wanasema uongo."

Shemeji, aliyekuwa akichekecha mchanga uani na ambaye hakuna jambo la nyumba ile lililowahi kumpita, akatokeza kichwa, akaona nyuso zao, akakirudisha bila neno. Dada yake aliliona hilo. Kwa shemeji kunyamaza ilikuwa kama saa ya ukutani kusimama.

"Ni huu mkono," Milimeta alisema. Akaugusa mkono wa kulia wa mke wake, kwenye kiwiko kinachouma siku za baridi. "Nilikuahidi. Miaka tisa. Nikikuona unaingia humu, nasubiri nje nisikie kama umeanguka. Kila siku. Hujui tu."

"Najua. Kivuli chako naona chini ya mlango."

"Mkono ulipona," mke akasema. "Unajua kwa nini ulipona? Wiki sita sare zilikuwa zinanisubiri, walimu wananipigia simu, mimi nataka kushona kwa mkono wa kushoto. Na wewe ukanificha mkasi. Nilikutukana wiki sita."

"Ulinitukana sana."

"Uliuficha wapi? Mpaka leo hujaniambia."

"Chini ya vigae vya daktari wa meno."

Mke alicheka, na alipocheka machozi yakapata nafasi. Aliyafuta kwa futi. Kisha akainama, akaokota mwiko, pimamaji na nyundo ya mpira, akavitumbukiza kwenye mfuko wa vitambaa. Dawa ya magoti aliipeleka chooni mwenyewe, kidonge kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti. Milimeta alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

Alipoingia chumbani jioni ile, alikuta kibao chake kimening'inizwa kwenye msumari juu ya kitanda, upande wake. USIKANYAGE, BADO MBICHI. Kona iliyotafunwa na mbwa ilikuwa imeelekea mto wake wa kulalia, na uzi wake ulikuwa umefungwa kwa fundo la fundi cherehani, ambalo halifunguki bila mkasi.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Mpaka niseme mimi."

Wiki zile hazikuwa nyepesi. Daktari alimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, ambaye alimfundisha kunyanyua miguu akiwa amekaa, mazoezi aliyoyaona ya kitoto mpaka alipoyafanya mara kumi. Alipewa dawa nyingine ya maumivu, isiyouumiza ukuta kama ile, kwa kiasi alichoandikiwa. Alijifunza kula asubuhi. Mke alimshonea mito ya magoti kwa mabaki ya sare, tabaka kwa tabaka, bluu na kijivu, na alipoivaa shemeji alisema amefanana na mwanafunzi aliyerudia darasa la pili mara arobaini. Kuta ataendelea kuzitandika yeye, amesimama. Sakafu sasa ni ya shemeji.

Na bafu la nyumbani lilitandikwa hivyo: mnene amepiga magoti, mwembamba kwenye ndoo.

"Kushoto kidogo."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Shemeji, sote tumetazama upande mmoja."

"Nauliza tu. Mwenzio huku chini damu yote iko kichwani. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ulikuwa huna maneno."

Wiki ya tisa kamera ilishuka tena. Daktari aliigeuza picha ili fundi aione: mahali palipokuwa na shimo palikuwa pekundu-pinki, pameshikana, na kovu dogo kama uzi. Damu ilikuwa imepanda. Milimeta aliishika picha karibu na macho, kwa muda mrefu.

"Hakuacha alama ya mwiko," alisema.

"Nani?"

"Yule fundi wako wa tumbo."

Kesho yake walilijaribu bafu. Jaribio ni moja siku zote: unaziba tundu la maji kwa kitambaa, unajaza sakafu vidole viwili, unachora mstari wa penseli ukutani pale maji yalipofika, unaondoka. Baada ya siku nzima unarudi. Kama mstari na maji havijaachana, umejenga.

Walisimama watatu mlangoni asubuhi iliyofuata. Vigae vya kijani, vya maziwa na vyeusi vilikuwa vimelala chini ya maji, kila safu na nyumba yake. Milimeta aliinama, mkono begani kwa mke wake, akatazama mstari. Maji yalikuwa yameugusa kama yalivyougusa jana. Mke akavuta kitambaa, maji yakazunguka tunduni yakaisha, naye akaingia peku. Akasimama katikati. Akasugua unyayo mmoja kwenye kigae cha maharusi, kisha wa pili.

"Hakutelezi," alisema.

Hapo ndipo jicho la Milimeta lilipofika kwenye safu ya mwisho, karibu na ukuta. Kigae kimoja cha kijani kilikuwa kimepinda. Milimeta tatu, labda tatu na nusu. Mkono ulikwenda wenyewe sikioni kuchukua penseli. Ulibaki hapo.

Shemeji alikuwa anamtazama. "Umeona?"

"Nimeona."

"Enhe?"

Milimeta aliiacha penseli sikioni, akashusha mkono.

"Hakivuji," alisema.